Paka Aliyeogeshwa kwa Dawa ya Kupe

Nilifanya kazi ya mifugo mpaka magoti yakakataa. Kwanza nilikuwa chini ya serikali, baadaye nikajitegemea, nikizunguka kutoka Ndanai mpaka Siongiroi kwa miguu, kwa baiskeli, na mwishoni kwa pikipiki ambayo mume wangu aliiogopa kuliko nilivyoiogopa mimi. Watu waliniita daktari. Sikuwa daktari, nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, na nilipowasahihisha waliniitikia, "Sawa, daktari." Nikachoka kusahihisha.

Sasa nimestaafu na nina muda wa kuwasumbua nyinyi vijana mnaoanza kazi hii. Juzi mjukuu wangu aliyepanga nyumba Kericho mjini alinipigia simu. Nilidhani ananiuliza habari ya ng'ombe wetu anayekaribia kuzaa. Kumbe shida yake ni paka. "Kogo," yaani bibi, "paka huogeshwaje?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Bibi yenu nimetoa ndama kwa mikono yangu, nimekanyagwa na fahali, na leo ninaulizwa habari ya kuogesha paka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka paka mmoja wa Ndanai, na nikamwambia mjukuu wangu akae chini, maana jibu ni refu.

Jambo la kwanza, paka hakuombi umwogeshe. Yeye hujiosha kwa ulimi wake siku nzima, na hujiosha vizuri kuliko baadhi ya watoto wa shule niliowajua. Ukimwona safi, mwache. Muogeshe akiwa ameingia kwenye masizi, au mafuta ya gari, au kitu chochote ambacho hutaki akilambe. Neno hilo la kulamba mliweke moyoni. Kile kilicho juu ya ngozi ya paka, leo hii hii kitakuwa ndani ya tumbo lake.

Aliyenifundisha kuogesha paka hakuwa mwalimu wa chuo. Chuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, na paka alitajwa tu tulipofika kwenye kichaa cha mbwa. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ouma, mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai upande wa Kericho. Alitoka kule ziwani akiwa kijana, akaja kuchuma chai, mikono ikamshinda, wakampeleka jikoni na huko akapata wito wake. Mimi nilikuwa nafika pale kuchanja mbwa na paka wa nyumba ile. Paka mwenyewe alikuwa mweupe, wa manyoya marefu, na alipenda kulala ndani ya dohani ya moto ikiwa imepoa. Kwa hiyo mara nyingi alikuwa paka mweusi.

Mke wa meneja akamwambia Ouma amuogeshe. Ouma akamchukua paka kama anavyochukua kabichi, akamweka kwenye sinki, akafungulia bomba. Siku hiyo kulikuwa na wageni, na mlango wa kuingilia mezani ulikuwa wazi kwa sababu sahani zilikuwa zinapita. Paka alitoka na povu lake. Alipita juu ya meza, akapita juu ya mgeni mmoja mwenye upara, akapanda pazia mpaka juu, akakaa huko akidondosha maji kwenye supu. Ouma mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku akishikilia ukuta kwa kicheko. Alidhani atafukuzwa kazi. Yule mgeni mwenye upara ndiye aliyemwokoa, kwa sababu alicheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo Ouma alijifunza, na mimi nikajifunza kwake. Alinifundisha akiwa na paka mikononi, kwa sauti ya chini utadhani yuko kanisani.

"Mama, funga mlango kwanza," alisema. "Halafu funga dirisha. Halafu funga mdomo. Paka ikisikia umepiga kelele, inajua kuna vita."

Alikuwa na wazo lake kwamba paka haogopi maji sana kama anavyoogopa kuteleza. Ukimweka kwenye karai tupu, makucha yanakosa mahali pa kushika, na hapo ndipo anapotafuta pa kushika usoni mwako. Kwa hiyo Ouma alitandika gunia kuukuu ndani ya karai. Maji aliyatia kabla paka hajaletwa, machache tu, ya kufika tumboni, si ya kuogelea. Aliyapima kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto. Hakumwagia paka kichwani hata siku moja. Uso aliupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, masikio akayaacha, na mwili aliulowesha kwa kikombe kuanzia shingoni kwenda mkiani, polepole. Sabuni kidogo, isiyo kali. Kusuuza ndiko kulikomchukua muda, kwa sababu sabuni inayobaki ni sabuni itakayolambwa. Halafu taulo kavu, na mahali pasipo upepo. Kucha alikuwa amezipunguza ncha siku iliyotangulia, paka akiwa amelala, hata hakujua.

Nilimwambia mambo haya yangefaa kufundishwa chuoni. Akasema chuoni hawana sinki.

Sasa nirudi Ndanai, lakini kwanza niwaeleze habari ya majosho, la sivyo mtamwona Joel ni mjinga, na hakuwa mjinga.

Zamani, kila kata ilikuwa na josho lake. Siku ya josho mnapeleka ng'ombe, wanaruka ndani ya maji yenye dawa, wanatokea upande wa pili bila kupe, nanyi mnarudi nyumbani. Dawa ilikaa joshoni na aliyeijua alikaa nayo. Miaka ile ya tisini majosho mengi yakafa. Dawa haikuja, kamati zikagombana, saruji ikapasuka, mbuzi wakaanza kulala mle ndani. Basi kila mwenye ng'ombe akanunua pampu yake ya mkono na chupa yake ya dawa ya kupe, akaiweka nyumbani, darini au chini ya kitanda. Siku ya kunyunyiza mtu anachanganya dawa kwenye ndoo, ananyunyizia ng'ombe, na ikibaki haimwagi, kwa sababu ni ghali. Inayobaki anapakwa mbwa. Inayobaki tena inanyunyiziwa banda la kuku. Niliwahi kumkuta mzee mmoja ameinyunyizia godoro lake. Niligombana na watu wengi sana kuhusu ile inayobaki, na ulimi wangu haukuwa wa asali.

Joel alikuwa mkulima mwenye majani kidogo ya chai, mahindi, na ng'ombe wa maziwa aliowapenda. Mke wake aliitwa Rael, na mtoto wao wa pekee alikuwa Chepkirui, msichana wa darasa la pili. Chepkirui alikuwa ameanguka kutoka mpera akavunjika mguu, hospitali wakamfunga plasta kuanzia mapajani mpaka vidoleni, wakamrudisha nyumbani alale. Wenzake walikuwa shuleni. Aliyebaki naye ni paka, dume la kijivu lenye mistari mitatu myeupe begani, na kwa ajili ya mistari hiyo aliitwa Sajini. Nyumba nyingi za kwetu paka alikuwa mfanyakazi wa ghala, hana jina wala ruhusa ya kupanda kitandani. Sajini alilala kwenye kitanda cha mtoto, tena juu ya plasta, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Shida ni kwamba Sajini alikuwa na viroboto. Na kiroboto akiingia ndani ya plasta, mtoto atajikuna wapi? Chepkirui aliingiza bua la mtama, akaingiza sindano ya kufumia ya mama yake, na bado alilia. Rael alisema paka atoke. Mtoto akasema paka akitoka na yeye hatakula. Joel alikuwa katikati yao, hapati usingizi.

Asubuhi moja nilifika kwao kumtazama ndama aliyekuwa anaharisha. Joel alinipokea akitabasamu, pampu bado mgongoni, ametoka kunyunyiza ng'ombe.

"Daktari, leo hata paka nimeosha," akasema. "Hiyo maneno ya viroboto imeisha."

Nikamuuliza ameosha na nini. Akaninyooshea ndoo.

Vijana, nilimpita. Sajini alikuwa kando ya ukuta wa jikoni, manyoya yameganda na maji, mate yanamtoka kama uzi, na ngozi ya mgongo inachezacheza yenyewe. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake. Na alipotulia kidogo, kitu alichofanya ni kugeuza kichwa na kuanza kujilamba. Nilimnyanyua kwa ngozi ya shingo na kumshika miguu ya nyuma, nikamzuia kichwa asilambe tena. Nilikuwa na glavu mfukoni, za kazi ya ng'ombe, nikazivaa kwa meno.

Joel aliona uso wangu, na tabasamu likamtoka.

Rael alikuwa ameshaweka sufuria ya maji motoni kunipikia chai. Kwetu mgeni hakatai chai, ukikataa umetukana nyumba. Maziwa yalikuwa bado hayajatiwa. Nikamwambia chai leo sinywi, nataka hayo maji, karai, gunia na kipande cha sabuni ya kuogea. Sabuni ya unga nilimkataza, maana ni kali na inachubua. Akaniuliza kama atoe maziwa ya kumnywesha paka, kwa sababu kila mtu alijua maziwa hufukuza sumu. Nikakataa pia. Mnyama anayetetemeka hawezi kumeza vizuri, ukimmiminia kitu kinaenda mapafuni, na sumu nyingine hupenda mafuta ya maziwa ikaingia mwilini upesi zaidi. Jirani mwenye baiskeli tukamtuma mbio Sotik akamwite daktari mwenyewe, yule wa kweli, na nikamwambia abebe chupa ya dawa ili daktari asome ni aina gani. Hilo nalo mlishike, chupa ya dawa iende pamoja na habari.

Tukafunga mlango wa jikoni. Tukafunga dirisha. Mdomo wangu niliufunga kwa shida, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kumwambia Joel.

Chepkirui alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Akaita aletwe. Joel alipoenda kumbeba, akageukia ukutani, akasema, "Si wewe. Mama anibebe." Nilimwona Joel akirudi na mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Rael akamleta mtoto, akamketisha kwenye kigoda na mguu wake mweupe umenyooka juu ya kuni, na mtoto akaanza kumwita paka jina lake.

Huyo paka alikuwa na nguvu chache zilizobaki na alizitumia zote kwangu. Nina alama moja mpaka leo kwenye mkono, naipenda. Lakini aliposikia sauti ya Chepkirui alilegea. Gunia lilikuwa chini, akapata pa kushika. Nililowesha kwa kikombe, nikapaka sabuni, nikasugua mpaka kwenye ngozi, chini ya kwapa, katikati ya vidole, chini ya mkia, kote ambako ulimi wake ungefika. Nikasuuza. Maji yale Rael akayamwaga kwenye shimo la choo, si uani ambako kuku wanadonoa. Karai likajazwa upya, tukarudia, na tukarudia tena, mpaka nikanusa manyoya na kuona ile harufu ya dawa imekwisha. Maji yasiwe ya moto. Maji ya moto hufungua ngozi ikanywa sumu zaidi, na ya baridi humuua mnyama ambaye tayari amelegea. Vuguvugu, watoto wangu, vuguvugu. Usoni nikapangusa kwa kitambaa kama Mzee Ouma.

Nilipomtoa alikuwa mdogo kama panya, ametota, anatetemeka, na sikujua kama anatetemeka kwa baridi au kwa sumu. Tukamkausha kwa taulo, kisha kwa shuka, kisha kwa gauni la Rael. Bado alikuwa baridi. Moto ulikuwa na moshi mwingi wa kuni mbichi, na paka mgonjwa hafai kuwekwa kwenye moshi. Nikasema anahitaji joto la mwili wa mtu. Mtoto akanyoosha mikono, lakini nilikataa. Nilitaka mtu mzima wa kumshika asijilambe, tena sikuwa na hakika kwamba paka ataishi, na sikutaka afie mikononi mwa mtoto.

Joel akasema, "Nipe mimi."

Nilimtazama. Nguo zake zilikuwa zimelowa ile ile dawa. Nikamwambia, kwa ule ulimi wangu, aende akaoge kwa sabuni mpaka nywele, avae nguo ambazo hazijawahi kukaribia ng'ombe. Akaenda. Alirudi amevaa nguo pekee za namna hiyo alizokuwa nazo, yaani suti ya kanisani. Akaketi chini kando ya ukuta, akafungua vifungo vya koti, nikamwingiza Sajini humo ndani, kifuani, kichwa kikitokeza, na Joel akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, taratibu.

Tukangoja. Mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati. Nilikuwa nikihesabu pumzi za paka moyoni, na kila ikichelewa moja, na yangu ilichelewa.

Katikati ya kungoja huko, wazee wa kamati ya ujenzi wa kanisa wakabisha hodi. Walikuwa na mkutano, na Joel alikuwa mwekahazina. Walimkuta amevaa suti, wakafurahi kwamba yuko tayari. Joel akasema hataweza kusimama. Mmoja wao akauliza kama ni mgongo. Hapo mkia ukatokeza katikati ya vifungo.

Walicheka, na msiwalaumu, hata mimi siku nyingine ningecheka. Mwenyekiti akamuuliza kama sasa kazi ya Bwana inangoja paka. Joel hakuinua macho. Akasema, "Nendeni tu, wazee. Leo nimeshikwa." Walipoona mtoto amefunika uso kwa mikono, kicheko kikawakauka, wakaenda zao kwenye mvua.

Daktari alifika kutoka Sotik akiwa ametapakaa matope mpaka magotini. Alisoma chupa, akasikiliza moyo wa paka hapo hapo ndani ya koti la Joel, akamdunga sindano ya kupoza ile sumu. Akaniuliza tulimuosha lini na kwa kutumia nini, nikamweleza. Akasema kama tungemngoja yeye bila kumuosha, angekuta mzoga. Nami nasema kama asingekuja na sindano yake, huenda kuosha kwangu kungekuwa ni kumwosha maiti. Kazi hii haina shujaa mmoja, na nyinyi mnaoanza mtasaidika sana mkilijua hilo mapema.

Kutetemeka kulipungua polepole, hata sikuweza kusema ni saa ngapi kuliisha. Mate yakakauka. Sajini akafumba macho, na mimi nikainama haraka nikidhani amekufa, kumbe alikuwa anakoroma. Nikakaa juu ya karai lililopinduliwa. Rael akaanza kucheka na kulia pamoja. Daktari akavua kofia yake iliyolowa akajipepea nayo, jikoni hapo hapo penye baridi.

Joel alikuwa bado ameshika kile kichwa kwa vidole vyake viwili, na mara kwa mara alimtupia jicho mtoto wake, halafu akaliondoa. Tangu asubuhi Chepkirui hakuwa amemsemesha. Nilitaka kumwambia mtoto kwamba baba yake hakulala usiku kwa ajili ya kuwashwa kwake, kwamba alikosea akimpenda. Sikusema. Si kila kitu ni kazi ya daktari wa mifugo.

Baadaye miguu ya Joel ikafa ganzi. Nilimwona akiisogeza, akitaka kujinyanyua kwa kuegemea ukuta.

"Baba," Chepkirui akasema.

Joel akaganda.

"Baba, usisimame. Utaiamsha."

"Sisimami, mama," akasema Joel. "Nitakaa tu hapa."

Mtoto akamwomba mama yake asogeze kigoda, karibu, karibu zaidi, mpaka ule mguu wa plasta ukalala juu ya magoti ya baba yake. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo. Watu waliniita daktari, na sikutaka wamwone daktari wao akilia kwa ajili ya paka.